Skrini ilisema samaki wako sawa: vile flow yangu ilimnyamazisha Mzee Ogola

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisumu. Mimi hapa ni msomaji wa miaka, kuandika ni nadra. Lakini hii kitu nimeibeba miezi saba na imenichosha mgongo, acha niiteremshe hapa. Majina nimebadilisha. Hayo mengine ni vile yalitokea, hata pale ninapoonekana vibaya.

Kazi yangu ni data. Si ile ya ofisi kubwa yenye AC. Naishi Kondele, natembea na laptop kwa begi, nasaidia vikundi na biashara ndogo kupanga rekodi zao.

Mwaka jana nikaitwa na kikundi kinachofuga samaki kwa vizimba ziwani. Kwa wenye hawajui, kizimba ni wavu mkubwa umefungwa kwa fremu inayoelea, ndani kumejaa ngege, yaani tilapia. Walikuwa na vizimba nane.

Mwenyekiti ni Mama Beril, mwalimu mstaafu. Anakuangalia juu ya miwani mpaka unakumbuka makosa yako ya darasa la nne.

Mlinzi wa vizimba alikuwa Mzee Ogola. Mara tatu kwa siku anaingia boti, anateremsha kipima oxygen majini, halafu anampigia Mama simu. "Mama, leo ni sita nukta moja." Mama anaandika kwa daftari. Basi.

Hiyo namba si mchezo wakuu. Kuna siku ziwa linageuka. Maji ya chini, meusi, yenye harufu, yanapanda juu na oxygen inaanguka. Ukijua mapema unaacha kulisha, unavuta vizimba kwenda maji ya wazi, ama unavuna haraka. Usipojua, samaki wanakufa kwa masaa machache.

Kikundi kilitaka mambo ya kisasa. Wageni walikuwa wanakuja kutembelea, na daftari halipendezi kwa picha.

Nikawajengea. Mzee anajaza fomu kwa simu, namba inaingia kwa database. Halafu kuna flow, yaani mtiririko unaojiendesha wenyewe. Kila nusu saa inaamka, inachukua vipimo vipya kwa database, inavipeleka kwa jedwali, na dashboard, yaani ukurasa wa rangi kwa skrini, inasoma hilo jedwali. Code hakuna. Unaburuta box hapa, box pale, unachora mstari katikati. Siku nne nilikuwa nimemaliza.

Kijani, oxygen iko sawa. Njano, chunga. Nyekundu, kimbia.

Siku ya kuonyesha wanachama walipiga makofi. Mama Beril akafungua kwa simu yake akacheka kama msichana. Mzee Ogola alikuwa amesimama mlangoni na gumboots. Akauliza swali moja tu.

"Sasa nikishajaza hii fomu, bado napiga simu?"

Nikamjibu, "Hapana Mzee. Pumzika. Mama anaona kila kitu kwa skrini."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Nikamwambia aache.

Miezi minne ikaenda vizuri. Nilikuwa hata naonyesha wateja wengine hiyo kazi kama sampuli.

Halafu Ijumaa moja jioni nikapita ofisini kwao, nikaona password ya database imeandikwa kwa karatasi na kubandikwa ukutani, karibu na kalenda ya kanisa. Nikashtuka. Nikaketi hapo hapo nikaibadilisha, nikawapa somo fupi kuhusu usalama, nikaenda nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Fomu ilikuwa inaingia kwa database na akaunti yake tofauti, kwa hivyo iliendelea bila shida. Flow ndio ilikuwa inatumia ile password ya zamani.

Nilisahau kuibadilisha huko. Wakuu, ni box moja. Unabonyeza, unaandika, unasave. Dakika moja.

Flow ikajaribu, ikakataliwa, ikajaribu tena, ikajizima. Email ya kunijulisha ilitumwa, ndio, lakini kwa anwani niliyofungulia hiyo akaunti, ambayo siku hizi inapokea matangazo tu na huwa siifungui.

Na dashboard? Dashboard haikulia. Ilibaki na namba za mwisho za Ijumaa jioni. Kijani vizimba vyote nane.

Mama Beril alikuwa matangani huko Siaya tangu Ijumaa usiku. Aliniambia baadaye kwamba kila akipata nafasi alikuwa anafungua simu pale chini ya hema. Kijani. Anarudisha simu kwa mkoba, anaendelea na wafiwa.

Jumapili asubuhi nilikuwa Kibuye nachagua viatu. Simu ikalia.

"Bwana, uko wapi?"

"Niko soko, Mama. Habari ya matanga?"

"Computer yako inasema nini?"

Nikafungua. "Inasema sita nukta tatu, Mama. Kijani."

"Nimepita ziwani nikitoka safari. Kuja uone hiyo sita nukta tatu."

Nilipanda boda mpaka ufuoni. Harufu ilinipokea kabla nifike. Ngege walikuwa wameelea, matumbo meupe juu, wengine wanene wa kuvunwa wiki hiyo hiyo. Wamama walikuwa wamekunja leso wanawatoa kwa nyavu ndogo na mabeseni. Vizimba vitano vilikuwa vimekwisha. Vitatu vya mbali ndio vilibaki hai.

Nilivua viatu nikaingia kusaidia.

Mchana nikaketi kando na laptop. Kwa database, vipimo vya Mzee Ogola vyote vilikuwepo. Jumamosi asubuhi, nne nukta moja. Mchana, tatu nukta nne. Jioni, mbili nukta sita. Jumapili alfajiri, moja nukta mbili. Mzee hakukosa hata mara moja. Alikuwa amelia kwa namba, na mimi ndio nilikuwa nimeziba masikio ya watu.

Sasa hapa ndipo aibu yangu iko.

Nilifunga laptop na sikusema kitu. Jioni nikaweka password mpya, flow ikaamka, dashboard ikawa nyekundu yote. Nikajiambia nitaeleza, acha watu wapoe kwanza. Jumatatu nikajiambia hivyo tena. Nilikuwa nafikiria sampuli yangu, na wateja, na jina langu. Sikulala, lakini pia sikupiga simu.

Jumanne kikundi kiliitana kwa ukumbi wa kanisa. Mwanachama mmoja, Baba Felo, akasimama na kidole kikielekea kwa Mzee Ogola.

"Huyu tulimwachia ziwa. Skrini ilikuwa kijani mpaka mwisho. Maana yake alikuwa anajaza namba akiwa amelala kwa nyumba. Atueleze."

Watu wakanung'unika wakikubali. Mke wa Mzee alikuwa ameketi nyuma, ameinamisha kichwa.

Mzee akasimama polepole. "Mimi niliandika," akasema. "Niliandika Jumamosi, niliandika Jumapili. Simu iliniambia, imepokelewa, asante. Nikajua Mama ameona. Nikawa nangoja watu waje tuvute vizimba."

Mtu akacheka. Kale kacheko ndiko kaliniinua.

Nikawaambia yote. Password, box nililosahau, email. Nikasoma vipimo vya Mzee kimoja kimoja kwa sauti, na saa alizoviandika. Nikasema mimi ndiye nilimwambia asipige simu.

Mama Beril akaniuliza, "Ulijua lini?"

"Jumapili mchana."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumanne, Mama."

Akavua miwani akaifuta muda mrefu. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Hawakunifukuza. Walisema nirekebishe na nisiende popote. Sasa dashboard inaandika kwa herufi kubwa kipimo cha mwisho kilikuja saa ngapi. Yakipita masaa tisa bila kipimo kipya inageuka rangi ya jivu yote. Flow ikifeli, SMS inaenda kwa simu yangu na ya Mama pamoja. Na namba ikishuka chini ya nne, mlinzi anapiga simu, fomu au hakuna fomu.

Mlinzi ni mwingine. Baba Felo aliomba msamaha, kikundi kikamwomba Mzee Ogola aendelee. Alikaa wiki mbili akarudi kwao karibu na Katito.

Mwezi uliopita nilienda kumwona. Alikuwa analima. Aliacha jembe akaniletea kiti na chai, akaniuliza habari ya vizimba. Nikajaribu kuomba msamaha tena, akanikatiza.

"Kijana wangu, wewe sina hasira na wewe. Ulikosa, ukasema, hata kama ulichelewa. Lakini wale watu nimekula nao miaka. Hakuna hata mmoja aliniuliza kwanza. Walienda kuuliza skrini."

Tukamaliza chai.

Somo wakuu? Kuunganisha database na dashboard ni rahisi sana siku hizi, mtu yeyote ataweza. Shida ni kwamba ikikatika, inakatika kimya kimya na rangi inabaki nzuri. Kabla hujamwambia mtu apumzike, jua ni nani atapiga kelele kazi yako ikikufa. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna mtu anabebeshwa mzigo wako ukiendelea kutafuta maneno.

Wenye mnajenga hizi vitu, ninyi mnafanya aje? Na kuna mwenye amewahi kukaa kimya siku mbili kama mimi? Andikeni hapo chini. Mkitaka kunisema pia semeni, nitasoma yote.