Mtutu Mpya wa Orrin Skaar

Orrin Skaar alikuwa mnyonya vyoo kwa lori la tangi. Hapa kwetu Sandfork, mashariki ya Montana, kila shamba lina shimo lake la maji taka, na mashimo yote yalimjua Orrin. Lori lake ulilinusa kabla hujaliona. Alikuwa mtu mwema, shingo nene kama ya fahali, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuwahi kuamua jambo likaamulika. Mkewe Lavonne alimvumilia miaka mingi. Kilichomshinda ni kuta za jikoni. Orrin alikuwa amezipaka viraka saba vya rangi tofauti ili achague mojawapo, na mwaka ulipozunguka alikuwa bado anavitazama viraka vyake. Lavonne akachukua koti na vyombo vya kazi vya marehemu baba yake, akahamia ng'ambo ya reli, akafungua karakana ya kutengeneza bunduki. Talaka ikafuata. Wanasema hata siku ya kutia sahihi Orrin aliomba aonyeshwe kalamu nyingine.

Jumapili za kiangazi hatuna mchezo mwingine ila kupiga risasi sanamu za wanyama wa chuma. Mchungaji Nygaard hufupisha mahubiri, maana naye ni mpigaji, na Mungu anajua hali ya hewa. Kuku wa chuma wako karibu, kisha nguruwe, kisha bata mzinga, na mbali kabisa, mita mia mbili, wamesimama kondoo dume. Sisi hutumia bastola za silinda zenye mitutu mirefu. Sharti ni moja: mnyama aanguke. Ukimgusa akabaki amesimama, umekosa.

Kondoo wa Orrin hawakuanguka. Alikuwa amenunua risasi ndefu, nzito kama dhambi, akiamini uzito utawaangusha. Alipozijaribu kwenye karatasi, matobo yalitoka marefu, kama mtu amechomeka vidole kwa ubavu. Risasi zilikuwa zikifika zimelala. Tulimwuliza kama huwa anazipa pombe kabla ya kuzifyatua. Yeye alilaumu upepo, kisha miwani, kisha baruti, kisha kahawa, kisha serikali. Mwishowe mchungaji alimwambia waziwazi kwamba mtu wa kumsaidia yuko ng'ambo ya reli, na kwamba Biblia haikatazi mtu kwenda kwa mtalaka wake kwa shughuli za kiufundi.

Akaenda, kofia mkononi. Mengine tuliyapata kwa Lavonne mwenyewe, ambaye hana siri.

"Unataka nini, Orrin? Shimo langu halijajaa."

"Sikuja kwa shimo. Nimekuja kwa mtutu."

Lavonne alifunga kitambaa cha kubana kwenye ncha ya ufito, akausukuma ndani ya mtutu. Ufito ulizunguka wenyewe polepole, ukifuata mifereji iliyochongwa humo ndani kama hesi za skrubu. Alipima: ulihitaji inchi ishirini kumaliza mzunguko mmoja. Akamweleza kwamba mzunguko wa taratibu hivyo unazitosha risasi fupi, nyepesi. Risasi ndefu ni kama pia ndefu wanayochezea watoto. Isipozungushwa kwa nguvu inayumba, halafu inalala.

Orrin akasema basi amchongee mtutu wa kuzungusha kila inchi nane. Kama kijiko kimoja cha dawa kinaponya, chupa nzima itaponya zaidi.

"Chupa nzima inaua, mzee," alisema Lavonne. Msokoto mkali kupita kiasi, risasi laini isiyo na ganda la shaba haiwezi kuufuata. Itateleza juu ya mifereji na kuuacha mtutu umegandwa na uchafu, na Orrin atashinda akiusugua kama anavyosugua lori. Kisha akamwuliza swali alilopaswa kuulizwa tangu mwanzo: atapiga risasi gani?

"Zote," alisema Orrin.

"Jibu hilo nimewahi kuolewa nalo."

Akamwambia arudi akishachagua risasi. Risasi kwanza, mtutu hufuata.

Majira ya baridi yote Orrin alivuka reli. Wiki hii alitaka inchi kumi na sita, wiki ijayo kumi na mbili. Mara moja alifika na habari za baa, kwamba kuna mitutu inayozungusha kushoto, na je, kwa upepo wetu wa magharibi kushoto si kuzuri zaidi? Lavonne alimsikiliza, akamtilia kahawa, na hakuchonga chochote. Sisi tuliona jambo jingine: Orrin alikuwa ameanza kuoga kabla ya kwenda.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Lavonne alimwagiza alete risasi zake zote. Alizileta kwenye ndoo mbili za chakula cha ng'ombe, akihema.

"Chagua aina moja," alisema Lavonne. "Nyingine zinabaki hapa."

Orrin alikaa kwenye kigoda. Alizigusa moja moja, na Lavonne anaapa kwamba jua lilihama kutoka mezani hadi ukutani. Mwishowe alitoa ile ndefu, nzito, ile ile iliyomwaibisha. Uso wake, Lavonne anasema, ulikuwa kama wa mtu aliyezika ndugu. Lavonne akamwambia kwamba kwa risasi hiyo inchi kumi na nne zinatosha. Orrin alifungua kinywa, pengine kutaja kumi na tano, lakini Lavonne alikuwa ameshawasha mashine, na kelele zake zikamnyamazisha.

Mwezi wa sita alijaribu mtutu mpya, na matobo yakatoka mviringo. Karatasi ile alitembea nayo mfukoni mwa shati, akaionyesha hadi wajane aliowanyonyea mashimo. Jumapili ya mashindano alianza na kondoo. Wa kwanza alitikisika, akasita kama anayefikiri, akaanguka, na mlio ukatufikia baadaye. Aliangusha wanne kati ya watano. Ilipofika zamu ya kuku, aliwafyatulia haraka haraka kwa furaha hata akawakosa karibu wote. Hata hivyo alimshinda mchungaji, ambaye Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya kiburi hadi viazi vya watu vikaungua majumbani.

Lavonne alikuwa amekuja kutazama. Orrin alimwendea mbele yetu sote, masizi ya baruti usoni, akamwomba arudi nyumbani. Hakujiumauma wala kutaja njia mbili.

Lavonne alimtazama sana. "Jumapili nitakuja," alisema. "Nitapiga na wewe, nitakula na wewe. Siku nyingine sita niachie."

Tulidhani Orrin angevunjika moyo. Alisema sawa, papo hapo, kisha akaenda kumtafutia kiti cha kivulini.