Foreze Yenye Haina Waya

Bantu banasema hasira inaishaka na miaka. Ni uongo. Hasira yangu ya ile foreze, mashini ya kutoboa, inanenepa sawa nguruwe ya Noeli, na nguruwe banaichinjaka, lakini hii hapana. Hata leo nikisikia fundi anatoboa mbao fasi fulani, krrr, meno yangu inaanza kujitafuna yenyewe.

Nianze ku mulango, juu bila mulango hakuna mambo.

Nilikuwa nimejenga nyumba ku Kikula, mu Likasi, minye mwenyewe, na hii mikono. Matofali nilifinyanga, nilichoma, nilipanga. Ukuta moja ililala kidogo, ni kweli, lakini ililala na heshima. Manjanja, bati ya ku paa, ilikuwa na matundu mingi kupita nyota. Mvua ikinyesha tulikuwa tunatoka inje juu tukauke. Bibi yangu akapata mimba ya kwanza, na sawa vile desturi yetu, akaenda kuzalia kwa mama yake, ku Shituru, mu nyumba ya kampani. Baba yake alikuwa anatumika kule ku fabrike ya shaba. Kule balikuwa na kuran ya kuwasha taa, balikuwa na mayi ndani ya nyumba, balikuwa hata na milango mbili, moja mbele na moja nyuma. Minye sikuwa na hata moja.

Mutoto akazaliwa, mwanaume, analia sawa sirene ya kampani. Banasema baburiye bengine, batumikaji ba fabrike, baliamuka bakaenda kazi mbele ya saa. Kitovu kikaanguka. Nikangoja barudi, habakurudi. Siku ya mungu, Jumapili, nikaenda Shituru, nikaikala inje pa baraza, bibi yangu akatoka na mutoto ku mugongo.

"Baba ya mutoto," akasema polepole, "mama anasema haturudi."

"Juu ya nini?"

"Juu ya bulangeti."

Mulango yangu ilikuwa bulangeti ya kijivu yenye nilitundika na misumari mbili. Shiye tulikuwa tumezoea. Lakini siku moja mbuzi ya jirani iliingia, ikapanda ku kitanda, ikakula muto, na tulipokuya kuifukuza ikatuangalia sawa vile shiye njo bageni. Ile habari ikatembea. Ikatoka Kikula mbuzi moja, ikafika Shituru mbuzi kumi na mbili, na moja yao, banasema, ilikuwa imevaa pijama yangu.

Kwetu muntu na mama ya bibi yake habaangalianaka ku uso. Hata kuongea, habaongei mudomo kwa mudomo. Mukwe akiwa na neno na weye, anaambia ukuta, anaambia kuku, na weye unasikia. Basi mukwe yangu alikuwa nyuma ya ukuta, na kuku ilikuwa pale inajitafutia mahindi.

"Weye kuku," nikasikia, "umuambie ule muntu mwenye kuikala pa baraza: mujukuu yangu hatalala mu nyumba yenye inafungwa na bulangeti. Atie mulango ya kweli, na serire ya kufungia, na funguo. Siku ile funguo itazunguka, njo siku mutoto atalala kwake. Mbele ya pale, abaki na mbuzi zake."

Kuku ikaniangalia na jicho moja, ikaendelea kukula. Hata yeye alinizarau.

Nikarudi Kikula ninatembea sawa muntu anapiga udongo mateke. Mulango nilikuwa nayo karibu yote. Nilipasua pipa ya mafuta, nikaipiga nyundo mpaka ikakuwa bati moja ya kunyooka; jirani balisema balisikia kelele mpaka Kamatanda. Na kadre, fremu ya mulango, ilikuwa ya traverse, zile mbao nzito zenye banalalishaka chini ya reli. Ya muzee muzee, banaziuzisha juu ya kuni. Lakini ile mbao ilikuwa imebeba matreni ya shaba tangu wakati ya Babeleji. Haikuona sababu ya kuogopa musumari. Nilipiga musumari ya kwanza, ikapinda. Ya pili ikapinda, ikaniangalia. Ya tatu iliruka, ikapita juu ya nyumba, sikuiona tena, na nasikia iko inaenda bado.

Kila muntu akaniambia: toboa kwanza, halafu tia babulo, vyuma vya kukaza na nati. Utoboe na foreze.

Foreze na kuran gani? Njo pale hasira yangu inaanzaka kabisa. Waya minene ya kuran ilikuwa inapita yulu ya vichwa vyetu. Inatoka mbali mbali, ku mayi makubwa ya Bas-Zaïre, inapita pori, inapita bijiji, inapita yulu ya nyumba yangu, inaenda kulisha fabrike. Shiye tunaisikia tu inanguruma, zzzz, sawa mukubwa anapita mu motokari ya vioo vyeusi. Haisalimii muntu. Minye niko chini yake na kibatari ya petroli, naikinga na mukono isizimike. Na ku soko banatuimbisha kama inchi iko tajiri. Tajiri, ndiyo, lakini mufuko iko ku suruali ya mwengine.

Nikaenda ku soko ya Kikula. Pale kulikuwa muuzishaji moja, koti yake ya abakosi imenyooshwa mpaka inaweza kukukata, anaita kila muntu sitwayen, ni kusema raia, hata mwizi. Bintu yake banasema ilikuwa inatoka ku Zambia, na mbele ya pale sijui wapi. Alikuwa na foreze tatu. Moja ya waya. Ile niliipita tu. Moja ilikuwa shinyole, ile ya mukono, yenye unazungusha sawa kinu ya kahawa, na muntu anaisukuma na kifua. Ilikuwa imejaa kutu, na hata hakuitandika pa meza. Alikuwa ameitundika ku kamba, ivute turubai yake isibebwe na upepo.

Na ya tatu, ndogo, kijani, sawa bastola.

"Sitwayen, hii njo dunia mupya," akasema. "Angalia mbele, angalia nyuma, angalia mpaka ku matako. Waya iko?"

"Hakuna."

Akafinya. Ikalia. Bamama ba samaki baliacha samaki, bakakuya kuona.

"Na ile ya kutundika?" nikauliza, juu roho ilikuwa inaniambia kitu.

"Ile? Ile ni ya babu. Weye kijana muzima unataka kuzungusha mukono sawa mama anasaga kahawa?"

Soko yote ikacheka. Nikasikia haya. Nikamuuliza bei ya ile kijani. Akataja, na miguu yangu ilitaka kurudi nyumbani bila minye. Tukavutana. Aliapa kwa mama yake, niliapa kwa yangu. Halafu nikaona ndani ya kartoni kuko kisanduku kingine, cheusi, na waya ndefu, na meno mbili ku mwisho.

"Na hii?"

"Inaenda pamoja."

"Lakini iko na waya."

"Ndiyo, iko na waya."

"Minye nimekuambia sitaki waya," nikasema, na nikapandisha sauti juu bamama ba samaki basikie kama siko muntu wa kuibiwa. "Unanilipisha waya ya kazi gani? Toa ile kintu, shusha bei."

Akaniangalia. Aliniangalia muda ya muntu kumaliza kukula ndizi.

"Kweli kweli, sitwayen?"

"Ubaki nayo. Ufungie mbuzi."

Akashusha bei. Alishusha mpaka nikamuhurumia. Nikaenda naimba, nafikiri nimemushinda. Na yeye alijua. Njo ile yenye inaniuma mpaka leo: alijua, na akanifungia kartoni na kamba muzuri, akanitakia siku njema.

Tundu ya kwanza iliingia sawa kijiko mu bukari, ugali yetu. Nikaita jirani bakuye baone. Tundu ya pili, ikafika katikati, ile sauti ikaanza kushuka, krrr, kruu, kuu, sawa mulevi anasahau wimbo. Ikasimama. Meshi, jino yake ya kutoboa, ikabaki ndani ya mbao, na foreze yote inaning'inia pale sawa kupe ku sikio ya ng'ombe.

Sikuogopa. Kwetu pile, betri ya radio, ikichoka, hauitupi. Unaiweka ku paa, yulu ya manjanja, jua inaipiga, na kesho unasikia tena habari za Kinshasa. Kila muntu wa Kikula anajua ile. Ku mapaa yetu kulikuwa mapile mingi kupita njiwa. Basi nikapandisha foreze yangu ku paa, kati ya mapile ya radio, nikaigeuza vizuri, tumbo ku jua. Na ilikuwa jua ya mwezi ya kumi, mbele ya mvua, jua yenye hata mijusi ya Likasi inalomba viatu.

Nilipopanda kuishusha, ilikuwa imelala. Kichwa ilikuwa imeinama ku mukono sawa ndizi. Ku tumbo kulitoka mayi meusi. Ile fasi ya kufinya ilikuwa imeyeyuka, imejishika ku manjanja, niliivuta, ikatoka na kipande ya paa yangu. Sasa nilikuwa sina mulango, na nimeongeza dirisha ku yulu.

Nikashuka ku soko na mbio. Njiani hata bambwa balinipisha.

"Foreze yako imekufa," nikamuambia.

Muuzishaji akaiangalia, akaigeuza. "Sitwayen, haikukufa. Ulikataa kinywa yake. Kile kisanduku ya waya, unakitia mu kuran, foreze inakula, inashiba, halafu inatembea bila waya."

"Na haukuniambia?"

"Ulisema nifungie mbuzi."

"Leta basi kile kisanduku. Nitaenda kukitia ku Shituru."

"Nimekiuzisha. Muntu moja wa Kamatanda alipenda ile waya."

Mama moja ya samaki akasogea, akanusa ile foreze. "Papa, hii imechomwa ku jua. Ulikuwa unaamusha pile?" Na wenzake bakacheka mpaka bakashika vitumbo, bakasema: "Alinunua mbuzi, akakataa mudomo, sasa anaianika sawa kapenta."

Kapenta, zile samaki ndogo ndogo. Minye, na hii mikono yenye ilijenga nyumba. Sikupiga muntu. Lakini nilitia ile maiti ya foreze pa meza yake, nikashika shinyole yenye kutu, nikaikata ku kamba. "Tumebadilishana," nikamuambia. Na juu shinyole njo ilikuwa inashika turubai, turubai ikaanguka na miti yake na masafuria yake, ikamufunika na abakosi yake yote. Nikamuacha mule anapigana sawa kuku mu mufuko. Mpaka napita kona, nilisikia bado anaita: "Sitwayen! Sitwayen!"

Basi shinyole. Nikaipakala mafuta ya ngazi, yaani mawese, ikalainika. Unatia kifua, unasukuma, unazungusha. Lakini mulango ya pipa na ile kadre, muntu moja hawezi. Mwengine ashike ku upande ya pili. Jirani bote benye balikuya kuona tundu ya kwanza, sasa balikuwa na kazi, balikuwa na homa, balikuwa na mazishi ya bantu benye bako wazima.

Asubui moja niko ndani ya nyumba, nimesimamisha mulango mu nafasi yake, naishika na goti, natafuta mukono ya tatu, nikasikia inje muntu anakohoa. Ile kikohozi naijua. Ni ya kusema: funika uso, mukwe yako amefika.

Alikuwa ametoka Shituru na miguu kuona kama mulango iko ama ni hadisi. Nikajificha nyuma ya bati.

"Weye mulango," akasema inje, "umuambie ule muntu nimekuya kuona funguo."

"Mulango," nikasema minye, "umuambie mama karibu, lakini funguo haijazunguka, juu haujasimama bado."

"Mulango, ameongea na weye tangu mwezi muzima, na haujasimama? Ni mulango ama ni mulevi?"

Pale goti yangu ikachoka, bati ikaanza kuanguka upande yake. Nikafikiri nimeua mukwe. Haikuanguka. Alikuwa ameisukuma, na mikono yote mbili, ikarudi ku kadre, bum.

"Mulango," akasema, na pumzi mingi, "umuambie atoboe. Minye nimekushika."

Nikatia shinyole ku kifua. Na kila nikizungusha, naona uso ya yule muuzishaji, nasikia ile waya inanguruma yulu ya paa, zzzz, na nasukuma. Sijui kama ni chuma yenye ilitoboa ama ni hasira. Bati ikatoboka, na traverse, ile yenye ilicheka misumari, ikaanza kutoa unga nyekundu.

"Mulango, umuambie hii chuma yake imegusa kitambaa yangu."

"Mulango, umuambie asogee ku kuume."

"Mulango, umuambie yeye njo asogeze mukono. Minye niko nashika nyumba."

Nikachomoa meshi, nikainama kuangalia tundu kama imenyooka. Ku upande ya pili kulikuwa jicho. Tuliruka bote, yeye huku na minye kule, na mulango ilibaki imesimama peke yake na haya. Kisha yeye akaanza kuingiza babulo ya bawaba, minye nakaza ku ndani.

Mwisho tukatia serire. Nikaingiza funguo, nikazungusha. Klak.

Mukwe akasukuma na bega. Ule mama aliweza kusimamisha treni; ukuta yenye kulala ilitetemeka, mulango hapana. Akasukuma tena. Halafu akaita jina ya bibi yangu na sauti kubwa, na bibi yangu alikuwa pale pale, nyuma ya nyumba ya jirani na mutoto ku mugongo, alikuwa anangoja kusikia ile klak.

Lakini mama njo alitaka kuingia wa kwanza, aone ndani, na minye niko ndani. Nikafungua funguo, na mbele mulango haijafunguka, nikaruka inje ku dirisha ya nyuma, yenye haina kintu ya kuifunga. Nikaanguka mu matembele ya jirani, na shinyole ku mukono.

Nikamusikia anatembea mu nyumba yangu, anagusa ukuta, anagusa kitanda. Akafika ku dirisha, nikageuza uso. Kuku ya jirani ilikuwa inapita.

"Weye kuku," akasema, "mulango nimeiona, na neno yangu ni neno, mutoto analala hapa. Lakini umuambie: kama muntu munene sawa yeye anapita hii dirisha, mbuzi itashindwa? Arudi na ile shinyole, na hii tuifunge. Minye nitashika inje."

Jua ilikuwa pa kichwa, kifua yangu ilikuwa na alama ya shinyole sawa muhuri ya posta, na ile waya, zzzz. Nikazunguka nyumba, nikangoja mukwe atoke, nikaingia ku mulango yangu, nikapita bibi yangu na mutoto, nikaenda ku dirisha, nikaanza kutoboa.