Pipa la Maji Moto la Mama Idda

Gideoni alikuwa fundi bati wa kawaida pale Njombe, mtu wa kuziba sufuria, kutengeneza taa za chemli na kufunga mifereji ya mvua. Kazi iliyompa jina kidogo ni ile ya mapipa. Enzi hizo za Mwingereza, nyuma ya kila nyumba ya Mzungu pale bomani kulikuwa na pipa la mafuta lililolazwa juu ya matofali, moto unawaka chini yake, na bomba linapeleka maji ya moto bafuni. Kutu iliyala mapipa hayo matumbo, na pipa likitoboka aliitwa Gideoni.

Mkewe, Tabea, alikuwa na ugonjwa wa viungo. Ulimwanzia vidoleni baada ya kumzaa Idda, mtoto wao wa pekee, na haukumwacha tena. Msimu wa baridi ukiingia, umande ukaganda juu ya majani ya viazi, vidole vyake vilivimba hata kushika mwiko akashindwa. Gideoni aliyatazama mambo hayo mwaka hadi mwaka. Mwishowe akaenda shamba la miti ya miwati kuomba pipa kuukuu, akaja nalo akilibingirisha barabarani kama mtoto na gurudumu lake, akalijengea matofali nyuma ya jiko.

Majirani walicheka sana. "Gideoni kawa Mzungu!" Lakini siku Tabea alipofungua bilula ya pipa, akatumbukiza mikono yake kwenye karai la maji ya moto na kufumba macho, hakuna aliyecheka. Gideoni alisimama pembeni na nyundo yake, akajisikia mwanamume kuliko hata siku ya harusi.

Pipa lile liliwafaa misimu miwili. Msimu wa tatu, Julai ya mwaka hamsini na nne, lilipasuka tumboni asubuhi moja, maji yakazima moto wote. Gideoni aliziba kwa bati la debe; likaachia. Akaziba tena, likaachia. Pale panapopigwa na moto lehemu haikai. Alihitaji bati nene na ribiti, misumari ya kulibana, na maduka ya Njombe hayakuwa navyo. Dereva mmoja wa lori akamwambia avitafute Makambako, njia panda.

"Baba Idda, acha," Tabea alimwambia. "Nitachemsha kwenye sufuria kama wenzangu."

"Na sufuria hiyo atakuinulia nani?"

"Wewe."

"Nikiwa kazini je?"

Tabea alicheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

"Hicho kikohozi cha tangu lini?"

"Moshi tu huo. Nenda basi kama unakwenda, lori litakuacha."

Akaenda. Makambako ilikuwa upepo na vumbi. Mhindi mwenye duka alimwambia bati linakuja na gari la Iringa, angoje. Gideoni akangoja, akalala kwa Mkristo mwenzake, kesho yake akangoja tena. Lilipofika, alilipiga kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Lilikuwa nene kweli, akalinunua pamoja na ribiti. Akapanda lori la chumvi asubuhi iliyofuata, bati kalikalia ili lisipeperuke.

Njiani, kwenye mteremko mwembamba, walikutana na lori lingine linalotoka Njombe. Dereva wao akasogea pembeni kulipisha. Nyuma ya lori lile, juu ya magunia, alilala mtu aliyefunikwa blanketi la kijivu hadi usoni, na mwanamke mmoja ameinama juu yake, mgongo kaupa vumbi, amemkinga kwa mwavuli.

"Mgonjwa huyo," dereva alisema. "Watakuwa wanamkimbiza hospitali ya Ilembula."

Gideoni akavua kofia. "Mungu amponye," akasema. Vumbi likawafunika, wakaendelea na safari.

Nyumbani alikuta mlango umefungwa kwa kamba. Alfonsi, jirani yake, alimwona akaja upesi.

"Kamwene, Gideoni. Tua mzigo kwanza."

"Mama Idda yuko wapi?"

"Hamkupishana? Wamempeleka Ilembula leo asubuhi. Kichomi kilimbana tangu jana, hata kupumua kazi. Mke wangu Kristina yuko naye."

Gideoni alibaki amelishika bati lake. "Blanketi lilikuwa rangi gani?"

"Blanketi gani?"

"Walilomfunika."

"La kijivu. Langu."

Gideoni akakaa chini, pale pale mlangoni.

Lori lingine halikuwepo siku hiyo. Alianza kwa miguu, akapata lifti kwenye gari la watengeneza barabara, akashuka, akatembea tena, hata akafika Ilembula kesho yake adhuhuri. Tabea alikuwa hai bado. Kristina akainuka kwenye kigoda akampisha.

Akamshika mikono. Mikono ile iliyokuwa baridi miaka yote ilikuwa inawaka.

"Bati umepata?" Tabea aliuliza. Sauti ilitoka kwa shida.

"Nimepata."

"Nene?"

"Nene. Halitatoboka tena."

Akapumzika kidogo. "Nilikuwa nakutazamia njiani. Kristina alinifunika, nikasema nifunue nimwone mume wangu akipita."

"Mimi nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuona, mama. Nikavua kofia."

"Basi," Tabea akasema, uso ukalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hakusema neno lingine la kueleweka. Jua lilipokuwa linashuka, alikata roho, mikono yake bado imo mikononi mwa mumewe.

Walimzika huko huko, kwa kuwa gari la kumrudisha halikupatikana. Idda, aliyekuwa ameolewa Iwawa, alifika nyumbani Njombe akakuta matanga yameshaanza. Nyumba imejaa watu, ila baba yake hayumo. Alimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa nyuma ya jiko, anagonga ribiti.

"Baba, watu wanalia ndani. Watakuonaje?"

"Waache wanione."

"Baba, nakuomba."

"Namalizia, mwanangu. Zimebaki mbili."

Idda akalishika bati upande wa pili ili lisicheze, machozi yakimdondoka, na baba yake akagonga mpaka mwisho. Wakajaza maji, wakawasha moto. Halikuvuja hata tone.

Siku ya kufua nguo za marehemu, wanawake walifungua bilula ile wakajaza makarai. Kristina ndiye aliyeanza na kitenge cha kanisani. Mvuke ulipopanda, Gideoni aliondoka bila kuaga, akakatiza shamba la viazi.

Idda alimkuta ameketi kwenye miwati, viganja juu ya magoti.

"Sikumtambua, Idda," alisema. "Alipita karibu yangu kama pale, nikamwombea kama mtu baki."

Idda akaketi kando yake, akamfunika nusu ya khanga yake. Kule nyumbani wanawake waliendelea kufua.