Mbegu ya Dumuzi

Mwaka huu naogopa kihenge chetu. Nikiweka sikio ukutani mwake nasikia dumuzi wakitafuna mahindi, na mahindi hayo ndiyo chakula chetu mpaka mavuno: mimi, mama yangu, na binti yangu ambaye juzi tu ameacha kunyonya.

Kwetu kihenge hakiachwi kitupu. Mama hubakiza mahindi ya zamani chini, anasema ni ya baraka, kisha tunamwaga mapya juu yake na kuchanganya dawa ya unga. Miaka ya mwanzo dawa ile ilikuwa kiboko. Baadaye tukawa tunaongeza kidogo, halafu kidogo tena. Mimi nilimlaani muuza dawa, nikaapa kwamba ametuuzia unga wa muhogo.

Mwishowe nikaenda Nduguti kwa bwana shamba, mzee mmoja mpole. Nikampa shikamoo yake, nikamweleza.

"Dawa ni nzima," akasema. "Mama yako mbegu anapataje?"

Nikamwambia huchagua mahindi yaliyostahimili jua, akayaning'iniza juu ya moshi jikoni.

"Basi na dumuzi mmewachagua hivyo hivyo. Dawa inaua wengi, lakini wachache wamezaliwa na uwezo wa kuihimili. Hao wanabaki kwenye hayo mahindi ya baraka, wanazaa, na watoto wao wanarithi. Toeni yote, mfagie, muanike juani. Nitawatafutia dawa ya aina nyingine. Ila msizidishe kipimo, mwanangu. Ile ni sumu."

Miaka yote hiyo tulikuwa tunawatunzia dumuzi mbegu yao, tena kwa jina la baraka. Nilirudi nyumbani mbiombio.

Nilimkuta mama uani, mikono myeupe. Alikuwa amesikia ule mtafuno, akaogopa kama mimi, akamwaga kihengeni dawa yote iliyobaki. Kisha akachota mahindi, akapepeta, akatwanga, akapika uji. Kwenye ungo dumuzi walikuwa wanatambaa, weupe kwa dawa, wazima kabisa. Mmoja alikuwa anapita ukingoni mwa kikombe cha binti yangu.

Nilimnyang'anya mtoto kikombe kabla hakijafika mdomoni, nikaumwaga uji wote. Mtoto akaangua kilio.

"Haya, umemwaga," mama akasema. "Sasa atakula nini?"

Kihengeni dumuzi walikuwa bado wanatafuna.