Mkanda wa Harusi Uliokosa Deki

Juzi, huku Ulaya, katika ofisi za mtaa wa Kista ninakofanya usafi, nilimsikia mhandisi mmoja akiwasimulia wenzake jinsi makampuni ya video yalivyopigana zamani, kila moja likitaka dunia nzima itumie mikanda ya aina yake. Wakacheka kama watu wanaokumbuka mechi ya mpira. Nikabana midomo nisije nikafukuzwa kazi. Loo, wangejua wanachokicheka!

Mdogo wangu alioa kule Bukavu mwaka ule ule nilipojifungua binti yangu hapa mtaani kwetu Vårby gård. Sikuwa na karatasi za kusafiria. Kwetu harusi haiishi mpaka mpiga video awapitishie wazee mikrofoni wawasalimu walio mbali, kwa hiyo nilijua mama yangu yumo mle, na ana neno la kuniambia. Shemeji aliyepiga video alimpa msafiri aliyekuwa akija huku mkanda wenyewe uliotoka kwenye kamera. Alisema Ulaya hakukosekani kitu.

Mkanda ulikuwa mdogo, unaenea kiganjani. Deki yetu ya kuchezea video ilikubali mikanda mikubwa tu. Muuzaji wa dukani akanipa kasha la plastiki, eti mikanda yote midogo hupachikwa humo ndipo iingie kwenye deki. Uongo mtupu! Kasha lilikuwa la kampuni hasimu, na mkanda wetu ulichezacheza ndani yake kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Wangeshindwa nini kukaa meza moja wakakubaliana kipimo kimoja? Hawakutaka, walikuwa wanakomoana. Baadaye mashine za kuchezea mikanda ya aina yetu zikatoweka madukani, na sisi tuliobaki na mikanda hakuna aliyetuuliza lolote. Watu wasio na haya!

Siku mama alipoazima simu, aliniuliza, "Mkanda ulifika?"

Niliona aibu. Niishi Ulaya nishindwe kutazama video? Nikamjibu, "Ulifika, mama. Tumeutazama, tumefurahi mno."

Akauliza tena, "Basi?"

"Basi, mama."

Tukaagana. Miaka ikapita, akafariki kabla hatujaonana tena.

Mwaka jana binti yangu, mtu mzima sasa, alipata mtandaoni kamera kuukuu inayocheza mikanda ya aina ile, kwa mzee mmoja wa mtaa wa Norsborg. Tukaiunganisha na televisheni. Baada ya keki na ngoma, mama akatokea, kitenge kipya, mikrofoni ameishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nimesikia umejifungua na huna wa kukusaidia. Niko tayari kuja kukulelea mtoto. Ukitaka nije, niambie tu. Usiponiambia, nitajua haiwezekani, wala sitakusumbua tena."

Nilipiga meza kwa ngumi. Niliwalaani wenye makampuni, wote wawili, mshindi na mshindwa, kisha nikajilaani mwenyewe kwa sauti.

Binti yangu, ambaye Kiswahili anakipata nusunusu, akaniuliza kwa Kiswidi bibi amesema nini. Nilikuwa nimemlea nikimwambia kwamba bibi yake hakupenda kuja huku kwenye baridi.