Zimbabwe ya Mawe ya Kuazima

Harufu ya mabibo yaliyochacha hunifanya nifunge dirisha hadi leo. Kwa wengine ni harufu ya msimu wa korosho na watoto kushonewa nguo mpya. Kwangu ni harufu ya juma moja pale Nandagala, nilipokuwa darasa la tano na mwongo. Shamba letu lilipakana na rundo la mawe tuliloliita Kwa Bibi, kaburi la mwanamke aliyeanzisha ukoo wetu. Kila mwaka, kabla ya kuokota korosho ya kwanza, kila nyumba ya ukoo ilipeleka pale jiwe moja na kumimina unga mweupe wa mtama. Kwetu ni mchanga mtupu, jiwe hulipati mpaka ulifuate mbali mtoni, kwa hiyo rundo lile lilikuwa kazi ya vizazi na lilituheshimisha kuliko nyumba ya bati.

Mwaka ule mwalimu wetu wa historia, kijana aliyehamia karibuni, alibandika ukutani picha za majengo ya kale: piramidi za Misri, Ukuta wa China, Taj Mahal, na kuta za Zimbabwe Kuu zilizopangwa jiwe juu ya jiwe bila chembe ya saruji. Akaligawia kila dawati jengo lake, tulijenge kwa mikono yetu na kulionyesha siku ya kufunga shule. Dawati letu, mimi na Kabula, tulipata Zimbabwe. Kabula alikuwa binti wa wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa, ana kicheko cha ghafla, na kupanga mawe alijua maana kwao, alisema, mawe yamezagaa mpaka uani. Wenzetu wa piramidi walifinyanga udongo. Sisi tulitaka mawe ya kweli. Nilijua yalipo, na ujinga wangu ulikuwa na adabu zake: nilichota unga wa mama, nikaumimina, nikapiga hodi, nikasema, "Bibi, tunaazima, Jumamosi tunarudisha." Kisha tukayabeba kwa ndoo, safari baada ya safari, tukayaficha nyuma ya darasa.

Jioni hiyohiyo shangazi yangu alipita akakuta Kwa Bibi pamebomoka. Njia ya ng'ombe ilikuwa hatua chache kutoka pale, na alama za kwato zilikuwa mbichi mchangani. Nani angehitaji ushahidi zaidi? Ng'ombe wale walikwisha kula ufuta wa watu, na chuki ilikuwa imeiva ikingoja pa kuangukia. Mkutano ukaitishwa ufanyike kesho yake, na kila mdomo ulisema jambo moja: wafugaji waondoke. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu wetu, lakini siku ile hakuna aliyelikumbuka neno hilo. Usiku ule nilimweleza baba yote. Hakunipiga. Laiti angenipiga! Aliuliza tu, "We Somoe, nani mwingine anajua?"

"Kabula."

"Basi hajui mtu."

Alfajiri tulikwenda shuleni na baiskeli, tukayatia mawe kwenye magunia, tukayarudisha kabla watu hawajatoka kwenda mashambani. Baba aliyapanga huku akiomba radhi kwa Kimwera. Sikuthubutu kumuuliza anamwomba nani.

Mkutanoni baba yake Kabula alisimama na fimbo yake, akasema ng'ombe wake hawakukanyaga kaburi la mtu. Watu wakaguna. Ndipo Kabula akapenya mbele ya wazee. "Ni sisi," akasema. "Mimi na Somoe. Tuliazima mawe ya kujengea, yako shuleni." Vijana wawili wakatumwa. Wakarudi na jibu: shuleni hakuna hata jiwe moja, na Kwa Bibi rundo limesimama, limepinda kidogo. "Wamerudisha wenyewe kwa woga hao!" mtu akapaza sauti. Mwenyekiti akanigeukia. "Mwanangu, ni kweli anayosema mwenzio?" Kabula alinitazama ametulia kabisa, kwa kuwa alijua nitajibu nini. Baba alitazama chini. Nikasema, "Hapana."

Siku ya tatu walihama na ng'ombe wao. Kabula alipita mbele ya nyumba yetu na hakugeuka. Siku ya kufunga shule dawati letu halikuonyesha kitu. Asiyekuwapo na lake halipo: mpaka leo watoto wa kijiji wanasimuliwa jinsi ng'ombe wa wageni walivyovunja kaburi letu.

Sasa nafundisha historia Nachingwea. Piramidi sijaziona, nimeishia Kilwa Kisiwani na wanafunzi wangu, tukaelezwa sultani gani alijenga nini, na sikusikia jina hata moja la mbeba mawe. Zamani nilidhani jengo la kale likisimama, basi na ukweli wake umesimama. Mwaka huu ukoo umelijengea rundo letu kwa saruji, wakaniomba mimi, msomi wao, niandike kibao, nisisahau kuwataja wale wageni. Baba amezeeka na macho yake hayasomi tena. Alikaa kando yangu kwenye kigoda nikiandika kwa rangi, kisha akauliza nimeandika nini. Nikamsomea: "Mawe haya yaliondolewa na Somoe, yakarudishwa na baba yake. Kabula alisema kweli."

Baba akauliza kama rangi imeshakauka.

"Imekauka, baba," nikamjibu.