Mita Iliyoachwa Wazi

Meneja alifungua mkebe wangu wa maziwa, akanusa, akageuza uso kama mtu aliyekanyaga mavi.

"Mathe, nyinyi hamuoshi vyombo," akasema mbele ya wanawake wote. "Mnatuletea uchafu. Tangi zima limeganda."

Mimi! Mimi ninayesugua mkebe kwa maji moto tangu nilipoolewa! Majina ya wanawake waliosimama pale ninayo yote kichwani, na lake pia. Sitayaandika, wajukuu wake wanasoma na wangu.

Ilikuwa 2008, vurugu za uchaguzi zimetulia, ng'ombe waliobaki wameanza kukamuliwa kwa amani. Kile kiwanda cha kupoza maziwa, upande wetu wa Salgaa, ndicho kilichotununulia. Siku hiyo meneja alisema kundi letu lisilete tena hata tone. Na habari ya kuwa mchafu hutembea. Nani mwingine angenunua maziwa yetu?

Mke wa mwanangu alikuwa fundi wa umeme pale pale kiwandani. Jioni alikuja jikoni kwangu.

"Mama, si nyinyi. Mashine za kupoza zilizimika zikakaa, maziwa yakapata joto, halafu zikawaka zenyewe. Ni mita ya umeme iliyoziamuru."

"Mita iamuru? Ina mdomo?"

Alicheka, halafu akanieleza. Ile mita kubwa ya kiwanda ilikuwa na ukurasa kwenye intaneti. Ukiingia, unaiwekea kiasi cha umeme, na matumizi yakipita hapo inazima mashine. Mtu alikuwa amekishusha kile kiasi. Wakati wa vurugu meneja alikimbilia Nairobi, akaagiza ukurasa ufunguliwe ili aone kutoka huko kama kiwanda kinafanya kazi. Alirudi, na hakuna aliyeufunga.

Kesho yake alinipeleka saiba moja, duka la kulipia intaneti, mjini Nakuru, kwa sababu nilimwambia siamini. Akaandika tarakimu kadhaa, ukurasa ukatokea ukiuliza jina na neno la siri. Akaweka yale yaliyochapishwa kwenye kijitabu kilichokuja na mita. Tukaingia! Kijana wa meza ya pili alikuwa akitazama pamoja nasi, akila chipsi.

"Hata huyu angeweza?" nikauliza.

"Hata huyu, mama."

Mita ile ilikuwa kama choo cha stendi, hakina mlango, na mwenyewe amesimama nje akitukana wanaopita kwamba wananuka. Akatafuta na mita ya kituo kingine cha kiwanda, kule Olenguruone. Nayo wazi.

Alirudi kazini akabadilisha maneno ya siri ya mita zote mbili, akaziweka zifunguke kwenye kompyuta ya ofisi peke yake. Halafu akamwambia meneja. Mzee yule alimuuliza, "Na mimi nikiwa nyumbani nitaonaje?" Hakuuliza habari za maziwa. Tulirudi saiba kujaribu, na ukurasa haukutokea kabisa.

Nani aliyechezea mita, hatujajua mpaka leo.

Wiki iliyofuata meneja alituita sote. Nilivaa leso safi, nikidhani ataomba radhi. Alisema kulikuwa na "shida ndogo ya stima", imetengenezwa, turudi na maziwa. Halafu, Mungu wangu, akafungua katoni, akaanza kugawa sabuni. Kila mwanamke mche mmoja.

"Tuanze upya, tukiwa safi," akasema, akitabasamu.

"Kwa hivyo maziwa yetu hayakuwa machafu?" nikauliza.

"Mathe, hayo tuache. Chukua sabuni."

"Sema kwanza. Ulituambia mbele ya watu, tuondolee aibu hiyo mbele ya watu."

Akamgeukia mwingine na sabuni yake. Wengine walichukua, siwalaumu, sabuni ni sabuni. Jirani yangu alinivuta leso, "Nyamaza, tutafukuzwa tena." Mimi nilibeba mkebe wangu ukiwa umejaa, nikashuka nao hadi kwenye hoteli za madereva wa malori hapo Salgaa. Mwenye hoteli ya kwanza alifungua, akanusa.

"Ya leo asubuhi?"

"Ya leo asubuhi."

"Mimina," akasema, akasogeza sufuria.